Upande wa Kuzungukia

Je, mwili uliochaguliwa upande wake kabla haujaanza kukumbuka chochote, hubaki ukiujua upande uliokuwa nao mwanzo? Swali hili nimekuwa nalo tangu majira ya baridi yaliyopita. Nimewauliza watu waliosoma kuliko mimi, nimemuuliza mama yangu, na sijapata jibu la kunitosha. Nasema hivi bila unyonge. Yako maswali ambayo mtu anaweza kuishi nayo vizuri tu, mradi ajue la kufanya asubuhi.

Ajabu ni kwamba kulia na kushoto ndiko kunakonilisha. Mimi ni mpiga picha za eksirei katika hospitali moja mashariki mwa Toronto. Kila picha ninayopiga hutiwa alama ndogo ya madini ya risasi, herufi moja tu, kuonyesha kama kiungo kile ni cha upande wa kulia au wa kushoto wa mgonjwa. Mfupa wenyewe hausemi. Picha ya goti la kushoto ikigeuzwa kwenye kioo huwa goti la kulia, na daktari aliye ghorofa nyingine hana njia ya kujua ila kwa alama ile niliyoiweka mimi. Masomo yangu yote ya chuo kikuu, na kazi yote niliyoifanya tangu hapo, yanaweza kufupishwa kwa amri moja: usikosee upande. Huwa sikosei. Wenzangu wapya huletwa kwangu wafundishwe jambo hilo hasa.

Barafuni nilipelekwa na binti yangu, ingawa yeye mwenyewe hakudumu. Alipokuwa mdogo alijiunga na mafunzo ya kuteleza katika uwanja wa barafu ulio karibu na kwetu, Malvern, kama watoto wengi wa mtaani. Mimi nilikaa kwenye benchi baridi na chupa ya chai ya tangawizi, nikimtazama akianguka na kuinuka. Akakua, akahamia mpira wa wavu, akaniachia mazoea ya kukaa pale. Nilikuwa nimekwisha kuwajua kwa macho wanaozunguka vizuri na wasiozunguka vizuri, kama mtu anayejua muziki bila kupiga chombo. Jumamosi moja nikamwuliza mwalimu wake wa zamani kama huwafundisha na watu wazima.

“Watu wazima ndio wanafunzi wangu bora,” alisema. Alikuwa mwanamke mfupi, mzaliwa wa jiji hili, mdogo wangu kwa umri, mwenye sauti iliyokwaruzwa na miaka ya kupaza maneno katika jengo lenye mwangwi. “Wanaogopa, lakini wanasikiliza.”

Mama yangu, aliyetoka Tabora kuja kuishi nasi baada ya baba kufariki, alilipokea jambo hilo kwa mshangao ambao hajaumaliza hadi leo.

“Huku watu wanamwaga chumvi njiani ili wasiteleze,” aliniambia, “na wewe unafunga safari ukateleze.”

“Ni mazoezi, mama.”

“Mazoezi ni kufagia uwanja.”

Siku ya kwanza mwalimu alituweka katikati ya barafu, watu wazima wachache tuliovaa makoti mazito na kofia za baiskeli, akasema jambo ambalo lilipita masikioni mwangu kama tangazo la kituo cha basi. Alisema kwamba karibu wote tutafundishwa kuzunguka kuelekea kushoto, juu ya mguu wa kushoto, kwa kuwa ndivyo inavyowafaa wengi wanaotumia mkono wa kulia. Wenye kutumia mkono wa kushoto wanyooshe mikono, atawapangia upande wa pili. Kijana mmoja akanyoosha. Mimi sikunyoosha. Naandika kwa mkono wa kulia, nakula kwa mkono wa kulia, nasalimia kwa mkono wa kulia, na alama zangu za risasi nazishika kwa mkono huohuo. Nilijibu nilichokijua, na nilikuwa na uhakika nacho kama nilivyo na uhakika kazini.

Asiyewahi kujaribu kuzunguka juu ya barafu hudhani shida ni kizunguzungu. Kizunguzungu huisha. Shida ni kubaki mahali pamoja. Chuma cha kiatu kina kingo mbili, wa nje na wa ndani, na mtu hasimami juu ya chuma kizima bali juu ya mmojawapo. Ili kuingia kwenye mzunguko, unaanza kwa kurudi nyuma juu ya mguu mmoja katika duara pana, kisha unakanyaga mbele juu ya mguu wa pili, juu ya ukingo wake wa nje, na unaungoja. Neno ni hilo, kungoja. Ukingo ule hujikunja wenyewe, duara likawa dogo, likawa dogo zaidi, mpaka lifike mahali ambapo haliwezi tena kuwa duara la kutembea, na hapo kiatu hujigeuza na mzunguko huzaliwa. Uzito uwe juu ya nyama ya unyayo, nyuma kidogo ya meno ya mbele ya chuma. Nyonga ikae juu ya mguu, mabega yawe sawa, macho yatazame mbele wala si chini. Mikono ibaki mbali na mwili mpaka kitovu cha mzunguko kipatikane. Baada ya hapo ndipo huletwa kifuani, taratibu, na kasi huongezeka yenyewe.

Wanaoanza hukosea karibu wote kwa namna moja. Hawangoji. Hujitupa kwenye mzunguko kabla ukingo haujamaliza kujikunja, hukusanya mikono kwa hofu, na mzunguko wao hutembea. Hilo ndilo neno la mwalimu: unatembea. Barafu huandika kila kitu. Mzunguko uliotulia huacha vijiduara vilivyolaliana, kimoja juu ya kingine, alama ndogo ambayo ungeweza kuifunika kwa kisahani. Mzunguko unaotembea huacha mlolongo wa vitanzi, kama mwandiko wa mtoto anayejifunza herufi. Baada ya kila jaribio mwalimu alitutaka turudi nyuma, tuiname, tusome tulichoandika kabla hajasema lolote.

Nilikuwa na mwenzangu darasani, muuguzi wa Nairobi anayeishi Mount Dennis, aliyevuka jiji zima kuja kwa mwalimu huyu kwa sababu alimpenda. Kiswahili chetu kilikutana barafuni, cha kwake kikikimbia na cha kwangu kikitembea kwa adabu.

“Dada, hebu kuja uone,” aliniita siku moja, ameinama juu ya vitanzi vyangu. “Hii yako imeanza hapa, ikapita kwa hawa watoto, ikasalimia, ikaendelea. Ungewacha tu ingefika madukani, Scarborough Town Centre.”

“Yako je?”

“Yangu haikuanza. Nilianguka. Mtu akianguka hatembei.”

Nilijifunza kungoja. Naweza kusema bila kujisifu kwamba nilijifunza vizuri kuliko wengi, kwa sababu kungoja ni sehemu ya kazi yangu. Mgonjwa hupewa amri ya kuzuia pumzi, na anayepiga picha lazima ajue sekunde ipi ni yake. Mlolongo wa vitanzi ukafupika. Ulifika mahali ambapo mzunguko wangu ulihama kiasi cha unyayo tu, kisha nusu ya unyayo. Mwalimu akawa anatingisha kichwa kwa kukubali, jambo ambalo si mwepesi wa kulifanya. Hata hivyo kila mzunguko ulikuwa kazi. Nilikuwa kama mtu anayemshika mbuzi kamba: nilimzuia asikimbie, nikafaulu, na nikadhani kuzuia ndiko kuzunguka kwenyewe.

Mwishoni mwa majira ya baridi klabu ilipanga mtihani wa watu wazima. Si jambo kubwa kwa mtu wa nje. Mtahini angesimama kando ya uzio, nasi tungeingia mmoja mmoja na kuonyesha hatua za msingi, na mwisho mzunguko wa mguu mmoja usiohama mahali. Anayefaulu hujiunga na kikundi cha alfajiri. Asiyefaulu hubaki na wanaoanza, Jumamosi mchana, pamoja na watoto, mpaka msimu mwingine.

Nilikitaka kikundi kile. Nataka nilieleze jambo hili wazi, kwa kuwa katika umri wangu watu hudhani mtu hutaka tu vitu vya watoto wake. Walikuwa wanawake na wanaume wa makamo waliokuja kuteleza kabla ya kwenda kazini, katika barafu iliyotoka kulainishwa, isiyo na alama hata moja. Niliwahi kuwatazama mara kadhaa nikitoka zamu ya usiku. Hawakuzungumza sana. Kila mmoja alikuwa na kona yake na kazi yake. Nimekuwa mama, mke, mtalaka, binti wa mjane, msimamizi wa zamu. Kote huko nilipewa nafasi kwa sababu kulikuwa na mtu aliyenihitaji. Pale hakuna aliyenihitaji, na ndiyo sababu nilitaka kuingia. Mwalimu aliniambia kwamba mzunguko wangu utapita. “Kwa shida kidogo,” alisema, “lakini utapita.”

Juma moja kabla ya mtihani, mtoto mdogo mwenye kofia ya chuma alinijia kwa kasi ya mtu asiyejua kusimama. Nilikuwa nimetulia tu, nikifunga kola ya koti. Nilikwepa. Sikufikiri; nilijitupa kulia, mguu wa kulia ukapokea uzito wote, na nikajikuta nazunguka. Palikuwa kimya. Sijui neno jingine. Watoto walikuwa wakipiga kelele kama kawaida, muziki ulikuwa ukipigwa, lakini ndani ya mzunguko ule palikuwa kimya, na sikuwa nazuia kitu. Kisha nikasimama, nikamtafuta mtoto, nikamwona amekaa chini salama akicheka.

Mwalimu alikuwa amekwisha kufika. Hakumtazama mtoto wala mimi. Alikuwa ameinama juu ya barafu.

“Nani kafanya hii?” aliuliza.

Niliangalia. Palikuwa na alama ndogo, vijiduara vilivyolaliana.

“Nadhani ni mimi.”

“Kwa upande gani?”

“Nilikuwa nakwepa. Kulia.”

Akasogea kando. “Fanya tena. Bila kukwepa mtu.”

Nilifanya tena, nikianzia nimesimama, bila duara la kuingilia. Ulikuwa mfupi na haukuwa na uzuri wowote, mikono yangu ikipepea kama ya mtu anayefukuza nzi, lakini ulikaa mahali pake. Nikafanya tena. Ukakaa. Mwenzangu wa Mount Dennis alikuja akatazama, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakuwa na mzaha.

“Una uhakika wewe ni wa mkono wa kulia?” mwalimu aliuliza.

“Nina uhakika.”

“Haina maana kubwa,” alisema, akisimama na kupangusa magoti. “Nimefundisha watu wa mkono wa kulia wanaozunguka hivi, na wa kushoto wanaozunguka kama wengine wote. Mkono si ushahidi. Huwa nauliza kwa sababu lazima nianzie mahali. Lakini hii hapa,” akaigusa ile alama kwa ncha ya kiatu, “sikukufundisha mimi.”

Kisha akanieleza hali ilivyo, waziwazi, kama nilivyotaka. Upande utakaoonyesha siku ya mtihani ndio utakaojengewa kila kitu baadaye: mizunguko ya kuchutama, miruko, kutua. Anayejenga juu ya upande usio wake anaweza kufika, ila atafika akiwa amechoka. Mzunguko wangu wa kushoto ulikuwa tayari kwa mtihani. Ule wa kulia ulikuwa na kitovu tu. Haukuwa na mlango. Sikujua kurudi nyuma katika duara la upande ule, sikujua kukanyaga wala kungoja juu ya ukingo wa mguu wa kulia, na juma moja halitoshi kujifunza. Kama nitabadili, mtihani wa mwaka huu umekwenda, na kikundi cha alfajiri pamoja nao.

“Siwezi kukuamulia,” alisema. “Nipe jibu asubuhi ya mtihani, kabla hujaingia kwenye barafu.”

Juma lile nilikwenda uwanjani kila nilipopata nafasi, nikajaribu upande wa kulia katikati ya vijana waliokuja kuchezacheza. Nikisimama na kujizungusha, ulikaa. Nikijaribu kuingia kwa duara, miguu ilichanganyikiwa kama ya mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Nilianguka kwa mitindo niliyokuwa nimeisahau. Nyumbani nilianza kujichunguza: ninapogeuka jikoni nageukia wapi, naanza ngazi kwa mguu upi, naokota kijiko kilichoanguka kwa mkono gani. Ukijichunguza hivyo huoni chochote, kwa sababu anayechunguza ameshaharibu kinachochunguzwa.

Jioni ya mkesha wa mtihani tulikuwa mezani, mama, binti yangu na mimi, tukila wali na maharage ya nazi. Binti yangu, ambaye ni mashoto tangu alipoanza kushika kijiko, alimpa bibi yake chumvi kwa mkono wa kushoto. Mama aliitazama chumvi, akangoja. Binti akacheka, akahamisha kichupa mkono wa kulia, mama akapokea. Mchezo huu huwa wanaucheza karibu kila siku na hakuna anayechoka.

“Huyu angezaliwa Tabora,” mama alisema, akinyunyiza, “ningemnyoosha kama nilivyomnyoosha mama yake.”

Nikaweka kijiko chini. “Ulininyoosha nini?”

“Mkono.”

“Mkono gani, mama?”

“Una mingapi?” Akaendelea kula. Alipoona simwondolei macho, akafuta midomo. “Wewe ulikuwa mashoto, mwanangu. Mashoto kabisa, si wa kubahatisha. Ulikuwa hujaanza hata kusema vizuri, unavamia sinia kwa mkono wa kushoto mbele ya baba yako mkubwa. Nikakushonea kifuko cha kanga, nikawa nakufunga mkono ule wakati wa kula. Ulilia siku za mwanzo. Halafu ukaacha, ukala kama watu.”

Binti yangu, ambaye huelewa kila neno la Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, aliuliza kama bibi anajua kwamba hayo siku hizi huitwa mateso.

“Anasemaje?” mama aliniuliza, ingawa alielewa.

“Anasema ulinitesa.”

“Mateso ni mwalimu wa darasa la kwanza kumchapa mtoto vidole kwa sababu ameshika kalamu kwa mkono huo. Nilimwona mdogo wangu akichapwa hivyo, mpaka akaacha kuipenda shule. Huyu mama yako alifika darasani mkono wake wa kulia uko tayari, hakuguswa hata siku moja. Amesoma mpaka chuo kikuu.” Akamgeukia mjukuu wake. “Mwulize kama alihisi anateswa.”

“Sikumbuki chochote,” nilisema.

“Basi.”

“Lakini mbona hukuniambia?”

“Ungeifanyia nini habari hiyo? Mkono ulikuwa unafanya kazi.”

Sikuwa na hasira, na sina hadi leo. Nilichokuwa nacho ni mshangao wa mtu aliyepokea picha ya mwili wake mwenyewe na kukuta alama iliwekwa na mwingine, kwa uangalifu na kwa upendo. Nikamweleza mama kuhusu barafu: mtoto aliyenijia, mzunguko uliokaa, jibu ninalotakiwa kulitoa kesho asubuhi. Alisikiliza akiwa ameegemeza kidevu kwenye kiganja.

“Kwa hiyo mkono wako ndio umekuzungusha?”

“Mwalimu anasema mkono si ushahidi. Inawezekana ni bahati tu.”

“Basi kesho fanya unaoujua,” alisema. “Mtihani si mahali pa kujitafuta. Umehangaika majira yote ya baridi, unarudi na malengelenge, halafu siku ya kupokea unasema hapana, nilikuwa natazama mlango mwingine? Watu wazima hawafanyi hivyo.”

Binti yangu alisema, kwa lugha yake, kwamba mimi ndiye niliyemwambia aache kuteleza kama hakupendi, hata kama amekwisha kupata medali. Mama akamwambia anyamaze, ale. Hakunyamaza. Akasema pia kwamba alinirekodi kwa simu siku moja juma lile, aliponifuata uwanjani, na kwamba kwenye mzunguko wa kushoto nimekunja uso kama mtu anayefungua mtungi uliokwama, na kwenye ule wa kulia sijakunja.

“Uso si ushahidi,” nilisema.

“Kwenu hakuna ushahidi,” mama alisema, “kuna ubishi tu.” Akainuka kwenda kuosha mikono.

Nilibaki mezani nikifikiri, na kufikiri kwenyewe hakukuchukua muda mrefu kama nilivyotazamia. Ningetaka kusema kwamba niliamua kwa ajili ya yule mtoto aliyefungwa mkono, lakini haikuwa hivyo. Mtoto yule simfahamu. Hakuna aliyemdhulumu, alikingwa, na mkono aliopewa umenifikisha hapa. Wala sikuwa na hakika kwamba upande wa kulia ndio wangu wa asili. Huenda kifuko cha kanga hakina uhusiano wowote na barafu ya Toronto. Niliweka pembeni swali la nilivyozaliwa, kwa sababu siwezi kulijibu, nikabaki na lile ninaloweza kulijibu: upande upi nilikuwa nazuia, na upande upi sikuwa nazuia. Hilo nilikuwa nalijua kwa mwili mzima. Nilikuwa nimeingia kwenye jambo hili ili nipate mahali ambapo sibebi kitu. Nisingeweza kuingia mahali hapo nikiwa nimemshika mbuzi kamba, kisha nijenge miruko yote na miaka yote iliyobaki juu ya kamba hiyo, kwa sababu tu mtihani ni kesho.

Nilimwambia mama kabla hajaenda kulala.

“Umeshaamua?”

“Nimeamua. Nabadili.”

Aliendelea kupaka mafuta viganjani kama afanyavyo kila jioni kwa sababu ya ukavu wa hewa ya huku. “Mimi nilikupa upande wa kuishi na watu,” alisema. “Huo wa barafu sikuujua.” Kisha akauliza kama soksi zangu nene zimekauka.

Asubuhi kulikuwa na theluji nyepesi. Uwanjani mtahini alikuwa amekwisha kusimama kando ya uzio, mwanamume mwenye skafu ndefu, akizungumza na mwalimu wetu. Mwenzangu wa Mount Dennis alikuwa amefunga nywele vizuri na kuvaa koti jipya. Nilimfikia mwalimu kabla sijavua vifuniko vya kukinga chuma cha viatu vyangu.

“Leo sifanyi mtihani,” nilisema. “Nahamia upande wa kulia.”

Hakuonekana kushangaa, wala kufurahi. “Unajua utakuwa na watoto Jumamosi mchana mpaka msimu mwingine?”

“Najua.”

“Na huo mwingine pia huenda usifaulu.”

“Najua.”

“Sawa.” Akaelekeza mwisho wa mbali wa barafu, ambako wanaoanza walikuwa wamewekewa koni za rangi. “Anza na duara. Usizunguke mpaka duara likae.”

Mwenzangu alinishika mkono. “Dada, umechizi? Unaniwacha peke yangu na hawa wazee wa alfajiri?”

“Wewe si kijana.”

“Lakini nilikuwa nikupite,” alisema, kwa huzuni ya kweli. “Sasa nitampita nani?”

“Simama sawa, usikusanye mikono mapema,” nilimwambia. “Ngoja mpaka uone kitovu.”

Jina lake likaitwa, akaingia. Sikukaa kumtazama, niliogopa kwamba nikitazama nitatamani. Niliteleza hadi mwisho wa uwanja, kati ya watoto waliokuwa wakisukuma viti vya plastiki ili wasianguke. Nikasimama juu ya mguu wa kushoto na kuanza kurudi nyuma katika duara la upande nisiouzoea, polepole, magoti yamekunjwa, mikono imefunguka. Nikakanyaga mbele juu ya mguu wa kulia, juu ya ukingo wa nje. Ukatetemeka. Sikuutupa. Niliungoja ujikunje, nikahisi duara likipungua chini yangu, na katikati ya kupungua nikapoteza mizani, nikaanguka kwa kiuno.

Msichana mdogo mwenye kiti cha plastiki aliniambia kwamba nikianguka ni vizuri kukaa kwanza. Nikamshukuru. Nikakaa kwanza, kisha nikainuka, nikarudi nilikoanzia, nikakanyaga tena mguu wa kushoto na kujisukuma kuelekea kulia.